Nimefika Krete, Mama Anjela

Mama Anjela,

Kule kwenye darasa la ngumbaru mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi mzima. Hofu juu yako sina tena, kwa hiyo mstari huo nimeuruka.

Naandika kwa mkono wangu. Anjela alitaka nimtajie maneno yeye aandike, nikakataa. Herufi zangu ni kubwa kama viatu vya polisi, unazijua, na mstari ukianzia juu unaishia chini, lakini zinasomeka. Na katika darasa lile zima nani alishika namba moja? Ni mimi. Hata wale waliokuwa wamegusagusa shule utotoni niliwapita. Basi barua ya mke wangu siwezi kuandikiwa na mtu.

Habari yenyewe ni hii. Nimefika Krete.

Mimi Elia, dereva wa trekta, kwa mguu huu huu wenye kovu, nimekanyaga kile kisiwa ulichokuwa ukinisimulia huku unapepeta mchele. Nimekula vyakula vyao. Nimemwona Bibi Despina, yu hai, anakusalimia. Na lile jambo la sungura nimelifuata mpaka nikafika mwisho wake. Kesho nitasimama niwaambie watu. Lakini nimeona si haki wasikie wao kabla yako.

Ngoja nianzie nyuma.

Tulipokwisha kukuzika kule chini ya Meru, ndugu zako walikaa kikao wakaamua nibaki nyumbani. Eti mzee wa umri wangu China anafuata nini. Niliwasikiliza mpaka mwisho, nikanywa chai yao, nikapanda ndege na Anjela. Kaburi lako lina watu wa kulifagia. Jiko lako la Guangzhou ndilo lilikuwa halina mtu. Na Anjela unamjua. Leo yuko Kangle kwenye vyerehani anagombana na mafundi juu ya kola za mashati, kesho yuko kwenye basi la Shiling kufuata mikoba, mwenyewe hata chai anasahau kunywa. Nani angewapikia watu?

Nikaingia jikoni. Walicheka, dereva wa trekta na mwiko. Hawakucheka muda mrefu. Wali wangu, Mama Anjela, haushiki chini kama wako. Usikasirike, ni kweli tu.

Mchana wanashuka kutoka ofisi za jengo la Tianxiu kama zamani. Vijana wa Mwanza, akina mama wa Moshi na mifuko yao ya sampuli, Wakongo wa Lubumbashi na suruali zao zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye mkeka. Na Jumapili tukitoka ibadani unajua wanakuja kutafuta nini. Sungura wa Krete. Nilimpika kama nilivyokuona ukimpika maisha yetu yote: vitunguu vidogo vizima vizima, mdalasini, karafuu, ukwaju bila ubahili, na ndizi mbichi zimetandikwa chini ya sufuria nyama isiungue. Na hadithi yake niliwapa vilevile ulivyokuwa ukiwapa. Kwamba ulikuwa mpishi wa yule Mgiriki mwenye shamba la kahawa kule Tengeru, mimi nikiwa dereva wake wa trekta, kwamba mkewe Bibi Despina alikufundisha chakula cha kisiwani kwao, na siku ya kwanza ulipompikia alikula akalia, akasema, "Ni hivyo hivyo, Maria. Ni hivyo hivyo kama kwa mama yangu."

Maneno hayo uliyasema mara ngapi wewe. Wengine wana cheti ukutani. Wewe ulikuwa na "ni hivyo hivyo".

Sasa kuna mtu anaitwa Papa Dieudonné. Hukumkuta. Mtu wa Lubumbashi, ananunua redio na pasi za umeme, ana miwani, alisoma Ulaya. Jumapili moja alikula sahani mbili, mbili kwa macho yangu, akajifuta mdomo kwa leso, akasema mbele ya watu wote: "Mzee, hii nyama iko muzuri sana, minakubali. Lakini Krete? Jamais! Kule mi nilifika, na bale tulisoma nabo. Bale bantu sungura banamupika na vin, ile divai. Ukwaju hakuna, ndizi hakuna. Mama alibatungia hadisi tu."

Kijana wa Mwanza akapasuka: "Kumbe siku zote tunakula Krete ya Tengeru!"

Wakacheka wote. Anjela naye, nilimwona, aliinamia sahani yake mabega yanatikisika.

Mimi nikichekwa sijali, nimechekwa na watu wakubwa zaidi. Lakini walikuwa wanakucheka wewe, na wewe hukuwepo uwajibu. Wewe utunge hadithi! Wewe ambaye siku ile mtu wa kodi alipobisha hodi ulishindwa hata kusema sipo, ukamwambia, "Yuko uvunguni, lakini ana homa." Mtu kama huyo ndiye wa kuwatungia watu hadithi?

Nikainuka nikazima jiko. Nikawaambia hapa hapapikwi tena, si sungura si wali, mpaka nifike Krete kwa miguu yangu nijue mkweli nani. Papa Dieudonné akasema, "Mais Mzee, mi nilikuwa nachekesha." Nikamwambia achukue viatu vyake.

Anjela akaja juu. "Baba, watu wanakula wanashiba. Nani anauliza sungura katoka wapi?" Akaninunia. Nikamnunia. Kununa mimi nilianza kabla yeye hajazaliwa, angenishindaje? Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu Manoli. Yule mtoto wa Bibi uliyembeba mgongoni kwa kanga yako ya maua, namba yake huwa wanaiandika kwenye kadi za Krismasi. Manoli akatuma mwaliko, nikapewa viza, nikafunga ukwaju kwenye nailoni juu ya nailoni, nikaondoka. Anjela akanisindikiza, akanifunga kitambaa shingoni kama vile naenda kusoma.

Uwanja wa ndege wa Ugiriki afisa alilichomoa lile bonge la ukwaju. Akanusa. Akamwita mwenzake, akanusa. Wakaleta mbwa. Mbwa akanusa, akageuka akaenda zake. Nikawaambia kwa Kiswahili, "Mbwa wenu anaijua kazi." Wakanigongea muhuri.

Manoli alinipokea mji unaitwa Hania, uko kando ya bahari. Usingemjua. Kitambi, masharubu, mikono kama ya mbeba magunia. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Na Kiswahili chake, Mama Anjela! Kimebaki na umri ule ule aliokuwa nao walipoondoka shamba lilipotaifishwa. "Mzee njaa? Twende! Twende!" Tuko mlimani, mzee mzima na masharubu yake anatoa mkono dirishani anapiga kelele, "Buzi! Buzi!" akinionyesha mbuzi. Nikamuuliza anakumbuka nini tena. Akafikiri, akasema, "Sitaki kulala. Maria, hadithi."

Udereva wake mbaya. Kona anazikata kwa ndani. Barabara zile za mlimani mimi ningezipanda na trela la kahawa nyuma na nisingegusa breki mara mbili. Nilimwambia, akacheka, nadhani hakuelewa.

Nikusimulie mji, maana ulipenda kusikia. Bandari yao ni ya mawe, imekunjwa kama mkono unaokinga maji, na mwisho wake kuna mnara wa taa. Nyumba ni nyembamba, zimebanana, rangi ya biskuti, rangi ya papai lililoiva, madirisha ya mbao. Pembeni pale ufukweni umekaa msikiti wa zamani wenye mgongo wa duara, hausaliwi tena, umebaki kutazamwa. Kuna soko lililojengwa kama msalaba, ukiingia upande mmoja ni samaki, upande mwingine jibini kubwa kama magurudumu ya toroli. Zeituni za kila rangi. Asali, wananuka nayo mikono. Wazee wanakaa nje na vikombe vidogo vya kahawa, kahawa nzito unaweza kuilimia, wanazungusha shanga mkononi kama tasbihi, lakini hawasali nazo, wanachezea tu. Wengine wamevaa buti mpaka magotini jua kali vile. Nilikaa nao. Mmoja akanisogezea kibilauri cha maji meupe. Si maji. Ni gongo yao. Niliigusisha ulimi tu kwa heshima. Ulimi tu, Mama Anjela.

Kuna uchochoro mzima wa ngozi. Mikanda, mikoba, viatu. Muuzaji mmoja akanipa mkoba, Manoli akanitafsiria: ameushona baba yake kwa mkono. Mimi nikaugeuza ndani. Nikaangalia mshono, nikaangalia kishikizo. Mikoba ile ile iko kwenye magunia chini ya kitanda changu, Anjela ameitoa Shiling! Nikamrudishia, nikamwambia amsalimie sana baba yake. Nilicheka peke yangu mpaka bandarini. Lakini baadaye kicheko kiliniishia, maana nilikuwa nimefuata kitu cha aina hiyo hiyo, kuuliza kitu kimetoka wapi hasa.

Kwa sababu sungura, Mama Anjela, mambo yalianza vibaya. Hoteli ya kwanza walileta sungura amelala kwenye mchuzi mwekundu. Vitunguu vidogo vipo, nikafurahi. Mdalasini nikausikia, nikafurahi zaidi. Nikaonja. Divai. Nikamwambia Manoli tuhamie kwingine. Kwingine, divai na siki. Kwingine tena, divai. Papa Dieudonné alikuwa ananikalia begani na miwani yake. Nikajiambia hawa wa mjini wameharibiwa na watalii, ukweli uko kijijini kwa Bibi. Nikamwambia Manoli, "Nipeleke kwa mama yako." Hiyo alielewa.

Kijiji kiko juu, nyuma yake kuna milima ya mawe meupe, kiangazi chote inaonekana kama ina theluji na haina. Mizeituni ni minene, imejipinda, mingine imetoboka katikati mtu anaweza kuingia akasimama. Bibi alikuwa mlangoni, amevaa nyeusi juu mpaka chini tangu mumewe Bwana Stavro afe, mdogo, amekauka kama jani la kahawa. Akanitazama. Akasema kwa sauti ile ile ya veranda ya shambani, "Elia! Wewe nachelewa. Chakula napoa." Kama vile alinituma dukani asubuhi.

Akaniuliza Maria yuko wapi. Alikuwa ameambiwa na Manoli, lakini aliuliza. Nikamwonyesha chini kwa mkono. Akaingia ndani, akatoka baada ya muda na mkate.

Sikiliza hili. Mchana aliniwekea mboga za majani, za kuchemsha, mafuta ya zeituni na limau juu. Nikatia mdomoni nikasimama. Mnavu! Mnavu wetu, ule uchungu wake wa mwisho. Na mchicha! Nikamwambia Bibi, "Hiki ni chakula cha kwetu." Akasema, "Hapana, hiki ya kwetu." Tukabishana mpaka sahani ikaisha. Jioni walikaanga konokono. Manoli alidhani nitakimbia. Nikamwambia aje Guangzhou nimpeleke sokoni aone wanachouza pale kwenye vizimba, konokono ni biskuti. Nikala. Ni watamu, ila usifikirie.

Siku iliyofuata nikamwambia Bibi, leo napika mimi. Napika sungura wa Maria alivyofundishwa na wewe. Alinitazama kidogo, akasema "Pika." Manoli anafuga sungura, akachinja. Ndizi mbichi alipata, kule Krete wanalima ndizi ndani ya nyumba za nailoni, usiniulize. Nikaloweka ukwaju. Nikawafukuza wote jikoni. Sijawahi kupika hivyo maishani, na mimi hupika vizuri kila siku. Nilijua nikitoka mle na sufuria ile, itajulikana kama ulikuwa mkweli au la.

Walikuja majirani. Wakaonja. Kelele zikaanza, wanashika vichwa, wananyoosheana vidole, mama mmoja anachokonoa ndizi kama amekuta soksi. Manoli akanitafsiria kwa shida: "Wanasema, nzuri. Wanasema, hii hapana Krete."

Nikamgeukia Bibi. Bibi alikuwa anakula. Alikula mpaka mfupa, akachukua mkate akafuta sahani, na machozi yanashuka hayafuti. Nikamwambia, Bibi, waambie. Waambie ni hivyo hivyo.

Akawatoa majirani. Akasema, na nayaandika alivyoyasema:

"Elia, mimi hapana fundisha Maria. Wakati ule mimi hapana jua pika hata yai. Nyumbani napika mama yangu. Mimi kule shamba nalia tu, nataka sungura ya mama. Nakaa jikoni nasema na Maria: iko kitunguu, iko dalasini, iko kali kidogo, kali ya divai. Nampa chupa. Yeye hapana gusa chupa, anasema yeye ameokoka. Anaenda, anafikiri. Siku ingine analeta hii. Anauliza, Bibi, ni hivyo? Mimi nasema, ni hivyo hivyo."

Nikamuuliza, "Na ilikuwa hivyo?"

"Hapana hata kidogo."

Mama Anjela, nilikasirika. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye mizeituni. Miaka yote ile! Umejivunia miaka yote kitu ambacho yule mama alijua si kweli. Ulikuwa unaamka alfajiri kutafuta vitunguu vya saizi moja, kwa sababu eti kule kisiwani lazima viwe vidogo. Uliwagombeza wanawake wa kanisani waliotia nyanya chungu, "mnaharibu chakula cha watu". Na mwenye chakula chake kumbe... Nilitaka kuondoka jioni ile ile. Manoli alinifuata na jaketi, akasema, "Mzee, baridi. Twende." Nikamwambia sitaki. Akakaa chini kando yangu. Kwa yule mtoto "sitaki" ni neno analolielewa kabisa.

Nilirudi ndani nikamkuta Bibi anaosha sufuria mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakukuambia. Akasema bila kugeuka, "Mimi nasema hapana, Maria atapika namna ingine. Na mimi nataka hii."

Nikachukua kitambaa nikaikausha ile sufuria.

Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya Bwana Stavro. Wao wafu wao wanawachemshia ngano. Nzima nzima, kama makande yasiyo na maharage, wanachanganya zabibu kavu na mdalasini, wanafunika na sukari nyeupe, wanachora msalaba kwa lozi. Wanaipeleka kanisani imewashiwa mishumaa. Hukupenda ubani wewe, ulisema ni moshi wa kuficha mahubiri mafupi, na pale ubani ulikuwepo mpaka nikakohoa. Padri mwenye ndevu akawa anasoma majina ya marehemu. Majina yao, marefu, siyashiki. Ghafla nikasikia "Maria". Kisha akaendelea na mengine. Nikamtazama Bibi, akanikazia macho, ndiyo, wako. Alikuwa amempa padri jina lako.

Nilikuwa nimesimama vizuri mpaka pale.

Mlangoni wanampa kila mtu ile ngano kwenye kifuko cha karatasi, unakula palepale uani, unamwombea aliyetajwa. Nikala konzi nzima. Watu wa kijiji wanatafuna ngano, wanasema jina lako, na hakuna aliyeuliza Maria wa wapi.

Sasa nimerudi Guangzhou. Jiko bado limezimwa. Tangu nifike wanakuja mlangoni mmoja mmoja kuchungulia. Kijana wa Mwanza analeta salamu na maembe. Papa Dieudonné alituma mtu kuuliza, "Kile kisiwa kilisema je?" Nikajibu Jumapili baada ya ibada waje wote, nitasema mbele ya watu, kama alivyosema yeye mbele ya watu.

Na nisikufiche. Kwenye ndege nilifikiri kuwadanganya. Ni rahisi. Nina chupa ya mafuta ya zeituni na picha nimesimama na Bibi mlangoni. Ningesema "ni hivyo hivyo", nani angebisha? Papa Dieudonné angeniomba radhi mbele ya wote, na mimi napenda kuombwa radhi, unanijua. Anjela nilipomwambia habari yote, alisema, "Baba, waambie ni ya Krete. Mama atapumzika."

Nikafikiri usiku na mchana. Kisha nikamwambia, hapana. Mama hataki kupumzika juu ya uongo wa watu wengine. Alipumzika juu ya huo wa Bibi kwa sababu hakuujua. Sasa anaujua, maana nimeshamwandikia.

Na tena, Maria, kwa nini iwe ya Krete? Krete walitoa nini? Walitoa kitunguu na maneno ya mtu anayelia. Kilichobaki chote ulikitoa wewe, pale kwenye jiko la nyuma la shamba la kahawa, chupa umeikataa, unakuna kichwa, unatafuta ukali usio na ulevi ndani yake. Mtu hajawahi kuonja kitu, hajawahi kukiona, anaambiwa tu, anakipika mpaka mwenye hamu anashiba. Nitafutie Mkrete anayeweza hilo. Mimi nimefika, nimewatafuta, hayupo.

Kwa hiyo kesho watavua viatu, watakaa, nitawapakulia kwanza. Mtu akiwa ametafuna ndipo nitaongea. Nitasema Papa Dieudonné alisema kweli, Krete wanapika na divai, nimeonja. Hapo ataiweka sawa miwani yake. Kisha nitasema na mke wangu hakutunga hadithi, aliambiwa hivyo akaamini, na aliyemwambia nimemsikia kwa masikio yangu. Na kuanzia leo hakuna kitu kinaitwa sungura wa Krete katika nyumba hii. Huyu ni sungura wa Maria. Ukitaka kumla nenda popote duniani, utarudi hapa mtaani kwetu Xiaobei. Atakayecheka na acheke, atacheka mdomo umejaa.

Anjela nimemkalisha kigodani, anamenya vitunguu, nasikia anapiga chafya. Alisema hana muda, ana mzigo wa Shiling wa kufunga. Nikamwambia mikoba ile kuna watu wanaishona kila mahali, lakini hiki kinajulikana na mtu mmoja aliye hai, naye ni mzee. Nakuahidi atakijua. Atakijua kabla sijafunga safari ya kuja ulipo, na nitamsimamia mpaka asiulize tena ukwaju kiasi gani, mpaka mkono wake ujue wenyewe. Na atakayemuuliza chakula hiki cha wapi atamtajia jina lako, siyo nchi.

Nakuachia hapo. Mkono umechoka na karatasi imekwisha. Ukikutana na mama yake Bibi huko, yule aliyekuwa akipika na divai, mwonjeshe wa kwako bila kuogopa. Mwache aonje, halafu mtazame usoni.

Mumeo,
Elia